Kufuli la Tajiri

Kabla ya kuwa msimamizi wa jengo moja la ghorofa kumi, mama mmoja alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na saba. Wapangaji walimwita Bi Kifungu, maana hata ukimwaga maji kwenye korido angekutajia kifungu cha sheria ulichovunja.

Mwenye jengo, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, alimpenda kwa usafi wake na kumwogopa kwa mdomo wake. Siku moja alimletea barua.

"Tia saini hapo chini, mama. Jambo dogo tu."

Bi Kifungu alivaa miwani. Barua ilisema kwamba moto ukitokea, lawama zote ni za msimamizi.

"Sawa," alisema. "Basi nipe na ufunguo wa mlango wa dharura."

Mlango huo ulikuwa chini kabisa, mwisho wa ngazi za nyuma, na Tajiri alikuwa ameupiga kufuli kwa nje kwa kuogopa wezi. Ngazi zenyewe alizigeuza stoo ya makochi yake mabovu.

"Ufunguo nakaa nao mwenyewe."

"Basi na lawama kaa nazo mwenyewe." Akamrudishia barua yake bila saini.

Kesho yake alikwenda kikosi cha zimamoto kuomba mkaguzi aje kusimamia zoezi la kukimbia moto. Tangazo likabandikwa kwenye lifti wiki tatu mfululizo. Wapangaji walilisoma. Tajiri, ambaye kwenye lifti hutazama kioo tu, hakulisoma.

Siku ilipofika, saa nne asubuhi, Tajiri alikuwa juu ya paa akikagua tangi la maji. King'ora kikalia. Lifti zikasimama. Wapangaji wakateremka kwa ngazi za mbele, taratibu, wengine na vikombe vya chai mkononi. Tajiri alizivamia ngazi za nyuma, zilizokuwa karibu naye, akishuka mbili mbili. Ghorofa ya nne akakutana na makochi yake. Akapita juu ya moja, chini ya jingine, la tatu likabaki na kipande cha suruali.

Nje, Bi Kifungu na mkaguzi walikuwa wamesimama mbele ya kufuli. Mlango ukaanza kugongwa kama ngoma.

"Nani?" aliuliza Bi Kifungu kwa upole.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mwenye jengo! Fungueni!"

"Kuna kufuli huku. Sijui la nani."

"Langu! Nimelifunga mimi! Ufunguo uko kwenye gari! Jamani, naungua!"

Mkaguzi aliandika kila neno.

"Huungui, Tajiri," alisema Bi Kifungu. "Ni zoezi tu."

Maneno aliyoyaandika mkaguzi yakawa ushahidi wa kesi.

Mahakamani, Tajiri alijitetea kwamba usalama ni kazi ya msimamizi. Hakimu akamwambia msimamizi hawezi kufungua mlango ambao ufunguo wake amenyimwa, na kwamba dhamana ya mwenye jengo haihamishwi kwa kikaratasi. Akamtia hatiani. Makochi yakaondolewa, ukawekwa mlango unaofunguka kwa kusukumwa tu.

Bintiye Bi Kifungu alimbana: "Mama, ulijua yuko juu ya paa?"

"Mimi? Ningejuaje?" Kisha akakiri kwamba roho ilimsuta kwa kumwacha mtu mzima apige kelele vile. Ilimsuta sana, kama nusu saa hivi.