Lori Lililonyweshwa Maji Moto

Mwezi Juni mwaka 1954, mpunga wa Mpimbwe ulipokuwa umekwisha kuvunwa, ukungu ulilala juu ya mashamba mpaka jua lilipopanda, na lori la Ponsian Lusambo lilipita ndani yake kama kitu kinachoelea. Saa kama hizo, alisema mwenyewe, hakujihisi anaendesha, alihisi amebebwa. Mbele yake palikuwa na weupe mtupu, nyuma yake magunia, na chini ya miguu yake mngurumo wa dizeli.

Alikuwa mtu wa kawaida, mkulima mwana wa mkulima, aliyejifunza udereva wakati reli ya kwenda Mpanda ikijengwa. Jioni, mkewe Kasilda alizoea kumkuta ameketi kwenye usukani, gari limezimwa, anatazama mbele. Akimwuliza anatazama nini, humjibu kwamba anasafiri.

Lori lenyewe lilikuwa la Bwana Sefu, mtu wa Karema aliyehamia Mpanda na kufungua duka. Kazi ya Ponsian ilikuwa kufikisha mpunga stesheni kabla treni haijaondoka. Lakini msimu ule gasketi ya injini iliungua mara mbili, na mara zote mbili treni iliondoka bila mpunga. Gasketi ni bamba jembamba linalokaa chini ya kichwa cha injini, likizuia moto, maji na oili visikutane. Ikiungua, maji huingia kwenye oili ikawa kama chai ya maziwa, moshi mweupe hutoka nyuma, na gari hulala njiani.

Baada ya ile ya pili, Bwana Sefu alimpa gasketi moja ya akiba. Akamwambia, kwa upole uliomtisha kuliko ukali, kwamba treni ikimwacha tena lori litauzwa, naye arudi kwenye jembe. Ponsian hakuwa na chuki na jembe. Ila tangu siku hiyo alilala akiiona barabara ikikunjwa polepole kama mkeka na kuchukuliwa na mtu asiyemjua.

Kwa hiyo akazidi kulitunza lori kwa namna aliyoijua. Zamani alimwona dereva mmoja akimimina maji baridi ya mto kwenye injini iliyochemka, na chuma kikapasuka kwa mlio ambao hakuusahau. Akaamini adui wa injini ni baridi. Njia yake ilipita karibu na chemchemi ya Maji Moto, ambako watu wa Mpimbwe huenda kuoga wakiumwa viungo. Alfajiri Ponsian aliingia ndani ya mvuke na ndoo yake, hata miguu yake isionekane, akarudi kulinywesha lori. Maji yanayoponya magoti ya watu yangelidhuruje gari? Gasketi ya kwanza ilipoungua, aliacha kabisa maji mengine. Ya pili ilipoungua, akaanza kuyabadilisha kila safari, kama mtu anayemwongezea mgonjwa dawa.

Ya tatu iliungua akiwa amepakia, karibu na nyumbani kwake Usevya, siku mbili kabla ya treni. Pembeni yake alikuwa Cletus, kaka yake Kasilda, fundi wa magari wa Mpanda.

“Shemeji,” alisema Cletus akitazama moshi mweupe nyuma yao, “gari lako linafukiza ubani. Tumeshafika kanisani?”

Walilisukuma lori mpaka uani kwa msaada wa majirani, na asubuhi wakafungua kichwa cha injini. Cletus alipitisha rula ya chuma juu yake, akatangaza kwamba kimenyooka kuliko cha shemeji yake. Basi ubaya ulikuwa wapi? Ponsian akaingiza kidole katika tundu la kupitishia maji. Kidole kilikwama kwenye ukucha. Akakwangua kwa msumari, na vikadondoka vipande vyeupe, vigumu kama chokaa, vilivyozuia maji yasipite kuipoza injini.

Alivigeuza viganjani mwake. Ndio weupe uleule uliovisha mawe ya kando ya chemchemi.

“Ni mimi,” alisema. “Nimekuwa nikililisha mawe.”

“Dada, njoo,” Cletus akaita. “Mchawi wa gari tumempata. Unalala naye.”

Kasilda alikuja, akaviona vile vipande, akasema sufuria zikishika chokaa kama hiyo wanawake huchemsha ukwaju ndani yake kuitoa. Cletus alicheka sana kuhusu mchuzi wa lori, lakini mchana pipa zima la ukwaju lilikuwa linatokota uani. Walikiloweka kichwa cha injini, wakajaza ukwaju kwenye rejeta na kwenye njia zote za maji, wakakwangua kwa waya na kusuuza, tena na tena, mpaka maji yakatoka safi. Wakabadilisha oili. Cletus akalaza ile gasketi ya akiba, akakaza boliti kidogokidogo kuanzia katikati kwenda nje, akawasha injini ipate moto, akaiacha ipoe, akakaza tena. Safari hii walitia maji ya mto, injini ikiwa baridi.

Walipofika Sitalike, njiani kwenda Mpanda, lori lilikuwa linahitaji maji. Viboko walikoroma mtoni, na Ponsian akazima injini, akakaa kwenye nyasi.

“Treni haitatungoja,” Cletus alisema.

“Ipoe kwanza.”

Wakangoja. Jua liliteleza juu ya maji, na Ponsian akahisi kama treni inapita ndani ya kifua chake, behewa baada ya behewa. Alipoweza kuweka kiganja kwenye rejeta bila kukiondoa, ndipo akachota maji ya mto.

Katika stesheni ya Mpanda treni ilikuwa bado inapumua mvuke. Bwana Sefu alisimama kando ya mabehewa, mikono nyuma. Kabla hajaulizwa, Ponsian alimweleza yote: chemchemi, mawe, ukwaju, na kwamba ile gasketi ya akiba imeshatumika. Bwana Sefu alifungua boneti. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi, haina rangi ya chai ya maziwa.

“Shusheni mpunga,” aliwaambia wapagazi. Kisha akamgeukia Ponsian. “Na wewe Jumatatu ondoka mapema. Kijijini Mamba kuna magunia yanasubiri.”