Ukanda Mwekundu wa Mfarishi

Bi Mwanarehema wa Mishomoroni alikuwa mwanamke mwema, sikatai, lakini kwa kushuku watu hakuwa na mpinzani Kisauni nzima. Ukimpelekea sahani ya mahamri, kabla hajasema ahsante atakuuliza, "Nani kakutuma?" Jirani akimwamkia kwa uchangamfu, ana lake jambo. Asipomwamkia, ndiyo kabisa, ana lake jambo. Msimcheke sana. Alifiwa na mume angali kijana, shemeji zake wakamtoa nyumbani kwa maneno matamu, na tangu siku hiyo maneno matamu yalimtia kichefuchefu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, utadhani methali ile ilitungwa kwa ajili yake peke yake.

Alichobakiwa nacho ni binti mmoja, Intisar. Na Intisar sasa anaolewa na Jafar, kijana wa Kiembeni, ambaye baada ya harusi atamchukua waende zao Maskati alikopata kazi.

Mfarishi wa bibi harusi, tandiko la kitandani linalojazwa pamba, alipewa kuushona Dama, Mgiriama wa ua wa pili, fundi mcheshi ambaye hata cherehani yake aliisemesha. Mifarishi yake ya vipande vya leso iliagizwa mpaka na watu wa Shanzu, na uzuri wake ulikuwa kwenye mapindo. Pindo la ndani na pindo la nje hakuyaacha yakutane hivi hivi. Baina yake alitia ukanda mwembamba, upana wa kidole, umekunjwa mara mbili. Upande mmoja unabanwa na mshono, upande wa pili unaachwa huru, umechungulia kama mdomo. "Bila huu ukanda," Dama husema, "mapindo hugombana."

Wiki ile ya harusi Bi Mwanarehema akaanza kuona mambo. Mara Intisar na Dama wananong'ona penye kamba ya nguo. Akitokea yeye, wanazungumza habari za mvua. Mvua gani, na jua lile? Mara Intisar anatoka kwenda kwa Dama, mkono kauficha ndani ya buibui.

"Nani kakutuma huko?"

"Hakuna, mama."

Hakuna! Usingizi ukamruka mama wa watu.

Ndipo siku moja alipofungua sanduku lake kutoa udi. Chini kabisa aliweka leso nyekundu, kuukuu, aliyombebea Intisar mgongoni alipokuwa mchanga, na ambayo hakumruhusu mtu kuigusa. Akaikunjua. Pindo moja halipo, limekatwa lote kwa mkasi.

Jamani! Nani asiyejua mtu akikuibia kipande cha nguo yako anakwenda kukifanyia nini? Hakichukui akapangusie sahani. Bi Mwanarehema akakaa kitako sakafuni. Hakujihofia nafsi yake, wallahi, alimhofia mwanawe. Kuna mtu anataka kumfunga Intisar asizae, asipendwe, arudi kwao analia. Akanyamaza, akangoja amjue.

Asubuhi ya kuonyesha vyombo vya bibi harusi, akina mama wamejaa, Dama akaja na mfarishi akautandaza kitandani. Vigelegele vikapigwa. Pindo la kijani ndani, la samawati nje, na baina yake ukanda mwekundu. Wekundu ule ule. Bi Mwanarehema hakuhitaji kuambiwa.

"Dama! Leso yangu yafanya nini kitandani mwa mwanangu?"

Dama akamtazama Intisar, Intisar akatazama chini. Basi, ushahidi gani tena? Bi Mwanarehema akapenyeza kidole chini ya ule upande ulioachwa huru, akitafuta hirizi.

"Ndiyo maana umeuacha wazi! Upate pa kutilia uchawi wako!"

"Usifumue, Bi Mwanarehema, nakusihi! Mshono ni mmoja tu, ndio ulioshika yote!"

Nani amsikize? Wembe alikuwa nao kibindoni tangu alfajiri. Akaupitisha mshononi, kraaa, upande mzima.

Hirizi haikuanguka. Kilichoanguka ni pindo la samawati, likaporomoka hadi sakafuni, na pamba ikamwagika nyuma yake. Ukanda ukabaki kiganjani mwake, nao kwa uchakavu ukachanika kwa kushikwa tu. Ndani mlikuwa mtupu.

"Mimi nikuroge?" Dama akasema. "Miaka yote hii tunaazimana chumvi, Bi Mwanarehema, mimi nimroge Intisar? Nilimwambia akuombe kwanza. Nilimwambia kabisa."

Intisar alikuwa analia, mikono yenye hina ameiweka mbali na macho isiharibike.

"Ni mimi niliyekata, mama. Maskati ni mbali. Nilitaka nilale na leso uliyonibebea."

"Sasa si ungeniomba, mwanangu? Ningekupa yote! Yote, Intisar!"

"Ningekuomba, mama, ungeniuliza nani kanituma."

Bi Mwanarehema akauweka wembe chini. Mbele ya wageni wote akapiga magoti sakafuni, akaanza kuokota pamba.