Kuku wa Jela

Kazi yangu ni kujaza ndege mafuta katika kiwanja cha Arua. Siku moja nilisahau kufunga kifuniko cha tangi. Rubani akaona mafuta yakivuja bawani, akarudi salama, nami nikaandika ripoti mwenyewe siku hiyo hiyo.

Mkaguzi wa usalama wa ndege alipokuja kunihoji, alimkuta mama yangu ameshafika kutoka Koboko na blanketi na kuku wa kukaanga, vyote vya mimi kwenda navyo jela. Niliona aibu mpaka nikakasirika.

"Mama, hafungwi," mkaguzi alimwambia. "Aliyesahau akasema mwenyewe hatumwadhibu. Tunamwadhibu anayeficha, au anayejua ni hatari na bado anafanya."

Mama alifikiri kidogo. "Kumbe? Basi na mimi naripoti, bwana mukubwa. Ile redio ya baba yake, iko mimi nilivunja. Huyu alipigwa bure, bado mtoto."

Miaka yote hiyo nimebeba fimbo zile!

"Lakini hiyo uliificha, mama," mkaguzi alisema, akijizuia kucheka.

Adhabu niliitoa mimi: nilimla kuku yule peke yangu, mama akinitazama. Na bado ni yeye aliyekuwa akininyofolea minofu.