Nilimfundisha Wycliffe Hesabu alizokuwa anazijua: wazazi wa Form Four, fikirini kabla ya tuition

Wakuu, mulembe kwenu nyote.

Wiki hii kuna mzazi ameuliza hapa kama amtafutie kijana wake wa Form Four mwalimu wa tuition nyumbani. Majibu yakageuka vita. Nusu mnasema tuition ndiyo kila kitu, nusu mnasema ni wizi wa mchana. Wote mnaongea kama wazazi ama kama wanafunzi.

Mimi nilikuwa huyo mwalimu. Kwa hivyo niacheni niseme yangu, na sitajipaka mafuta. Mkiona mahali nimejipamba, nirukieni.

Ilikuwa Kakamega, miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza Form Four, nikapita vizuri, halafu nikaambiwa ningoje. Vijana wa siku hizi hamjui hii story. Enzi hizo ulikuwa unakaa karibu miaka miwili ndipo chuo kikuu kikuite. Unakaa tu, una cheti kizuri na huna kazi.

Kwetu ni Butere. Mzee alinituma mjini nikae kwa mjomba, pale Amalemba, eti huko ndiko kibarua kitapatikana. Mjomba alikuwa dereva wa serikali. Leo yuko Busia, kesho yuko Lodwar, anarudi mwisho wa mwezi na nguo chafu, analala siku mbili, anaondoka. Hakuwa na bibi wala mtoto. Tukabaki mimi na redio.

Wenzangu wa darasa walikuwa wametawanyika. Mmoja alikuwa chuo cha Sigalagala anasomea umeme, lakini alishapata marafiki wapya, na kila nikienda kumwona ananitambulisha kwao, "Huyu tulikuwanga naye." Wengine walienda Nairobi na hawakuandika barua hata moja. Kuna wiki nilikaa siku tatu bila kusema neno na binadamu. Siku ya nne naenda dukani, sauti inatoka imekwaruza, mwenye duka ananiuliza kama nina homa.

Nawaambia haya ndiyo mjue nilikuwa katika hali gani siku Mama Wycliffe aliponishika mkono nje ya kanisa.

Huyu mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mkoa. Mume wake alikuwa amefariki mwezi wa sita. Mtoto alikuwa mmoja tu, Wycliffe, yuko Form Four, anasoma shule ya kutwa hapo hapo mjini.

"Kijana, nasikia wewe ni moto kwa Hesabu," akaniambia. "Huyu wangu alikuwa anapatanga B. Sasa mock ameniletea E. Mtihani ndio huo unakuja. Nisaidie, mwanangu."

Tukakubaliana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Malipo aliyataja yeye mwenyewe, mimi hata sikuyasikia vizuri. Kitu nilichosikia ni kwamba kuna nyumba mahali ambapo watu watakuwa wananingoja.

Siku ya kwanza akachinja kuku.

Wakuu, mimi nilikuwa naishi kwa chai na mkate. Naona obusuma, ugali wetu, inatoa moshi, naona ingokho, kuku mwenyewe wa kienyeji, kwenye mchuzi wake, mate yananijaa mdomoni. Mama akapakua. Sahani yangu ikaja, na juu yake ikakaa imondo.

Wenye hawajui: imondo ni firigisi. Kwetu Waluhya kuku akichinjwa, hiyo ni ya mwenye boma. Mgeni wa heshima anaweza kuwekewa, ndiyo, lakini mgeni aliyelelewa vizuri huangalia kwanza meza imekaa aje. Akiona kuna mwenye nayo, anairudisha kwa adabu. Nilifundishwa hivyo tangu nikiwa mdogo.

Niliitafuna yote. Nikamsifu mama kwa mapishi na nikalamba vidole.

Wycliffe alikuwa ananiangalia. Akaacha chakula nusu, akanawa mikono, akatoka nje. Mama akasema, "Mwache, amechoka na shule." Nikaendelea kula.

Basi tuition ikaanza, na wacha niwaambie, ilikuwa mateso. Namuuliza swali la logarithm, ananijibu, "Sijui, mwalimu." Nachora pembetatu, naeleza polepole, namuuliza tena. "Sijui, mwalimu." Nilikuwa nimemzidi miaka miwili tu, na hiyo "mwalimu" yake alikuwa anaitema. Saa mbili nzima naongea peke yangu, yeye anaangalia dirishani. Nikamhukumu moyoni kwamba huyu ni mzito, hana kitu kichwani.

Lakini niliendelea kwenda. Tena nilikuwa nafika mapema.

Mama akitoka kazini ananikuta, anauliza, "Umeshindaje, mwanangu? Umekula nini leo? Wazee Butere hawajambo?" Maswali ya kawaida kabisa. Mimi nilikuwa nikiondoka pale nayarudia njia nzima mpaka Amalemba.

Ikafika Jumamosi moja. Jumamosi mama hakuwanga nyumbani, tulikuwa sisi wawili. Wycliffe alikuwa ameenda dukani kununua sukari, nami kalamu imeniishia wino. Nikafungua droo ya meza kutafuta nyingine, nikakuta daftari.

Ni la Hesabu. Mwandiko ni wake. Karatasi za mtihani za miaka ya nyuma, amezifanya zote, kwanza mpaka mwisho. Nikakagua swali la kwanza, sawa. La pili, sawa. Kulikuwa na swali moja la matrix ambalo mimi mwenyewe lilinitoa jasho, na yeye alikuwa amelifanya kwa njia fupi kuliko yangu. Ala!

Akaingia akanikuta nalo mkononi.

"Hizi umefanya wewe?"

"Ni mimi."

"Na mbona kila siku unaniambia hujui?"

Akaweka sukari mezani, akasema, "Ulikula imondo ya baba."

Nikalifunga daftari.

Akaniambia tangu mazishi hawakuwa wamechinja kuku kwa ile nyumba. Huyo ndiye alikuwa wa kwanza. Siku nzima alikuwa anajiuliza mama ataiweka wapi, kama atampa yeye sasa ama ataiacha kwenye sufuria. Halafu mama akampa mtu wa tuition, na mtu wa tuition akaifagia bila hata kuuliza.

"Na ile E ya mock?" nikamuuliza.

"Mock tulifanya wiki tatu baada ya kumzika. Nilikuwa naangalia karatasi na sioni maandishi."

Jameni. E yote hiyo, na hakukuwa na shida yoyote ya Hesabu. Kijana alikuwa anamlilia baba yake. Mama aliona alama zimeanguka, akafanya kile mzazi yeyote angefanya, akatafuta mwalimu.

Nilimwomba msamaha. Si ule wa mdomo tu, nilisimama nikampa mkono. "Ndugu yangu, nilikosa. Nilijua ni makosa na nilikula." Akacheka kidogo. Nilikuwa sijawahi kuona meno yake.

Hapo ndipo ningeenda kumwambia mama ukweli. Mtoto yuko sawa, mama, tuition haina kazi hapa. Ni sentensi moja tu.

Sikuisema.

Nilikaa nayo wiki nne. Tunafungua vitabu, tunaweka rula na kitabu cha log mezani ionekane kazi iko, halafu tunapiga story. Ananieleza baba yake alivyokuwa anatengeneza baiskeli za majirani bila kulipwa, mpaka mama anagomba. Mimi namweleza ya Butere, vile nilikuwa nakimbia nyuma ya treni ya miwa na kurudi nyumbani miguu imechanika. Mama akiwa jikoni anasikia sauti zetu, anafurahi, anadhani ni Hesabu. Ananiuliza mlangoni, "Anaendelea aje, mwalimu?"

"Anaendelea vizuri, mama. Lakini bado kidogo."

Hiyo "bado kidogo" ndiyo dhambi yangu. Niliisema kila wiki. Nikisema ameiva, nitarudi kwa redio.

Siku moja Wycliffe akaropoka tu, hata hakuwa ananilaumu. "Zamani Jumamosi tulikuwa tunaendanga shamba Khayega na mama. Tangu uanze kuja haonekani. Anaenda kupiga chapa kwa duka la rafiki yake ndiyo apate ya kukulipa."

Nikamwangalia. Yeye anaendelea kuchovya mkate kwenye chai.

Sasa fikirini, wakuu. Mtoto amempoteza baba. Amebaki na mama mmoja, na siku moja tu ya wiki ya kukaa naye. Huyo mama anaiuza hiyo siku ili anilete mimi, nimfundishe mtoto kitu anachokijua. Na mimi nimekaa katikati yao, nakunywa chai, nasema bado kidogo.

Jumamosi iliyofuata sikuenda kwao. Nilienda moja kwa moja mpaka kwa lile duka karibu na soko. Nikamkuta mama ameinama juu ya mashine, anapiga barua ya mtu ya kuomba kazi.

"Mama, Wycliffe hahitaji tuition. Hesabu anazijua zote, zingine kunishinda. Huyu anakuhitaji wewe. Mrudi Khayega Jumamosi."

Akaacha kupiga. "Umejua lini?"

"Wiki nne zimepita."

"Wiki nne." Akavua miwani. "Na hizo wiki zote ulikuwa unakuja kufanya nini kwangu?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikayaacha yote. Nikamwambia, "Kwa mjomba hakuna mtu, mama."

Nilijua atanigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Si ungekuja tu, mwanangu," akasema. "Ungekuja tu."

Akafunika mashine na kitambaa, akamwita mwenye duka amwambie anaenda nyumbani, akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama pale kati ya wauza nyanya.

Sasa mtu atauliza, basi si alikukaribisha? Alinikaribisha. Lakini sikuenda tena. Aibu, wakuu. Aibu na ujinga wa kijana wa miaka ishirini. Jumanne jioni nilikuwa nachana nywele, nafika mlangoni, nakumbuka sina tena sababu ya kwenda, narudi kukaa kitandani. Kanisani nilikuwa nawaona wameketi pamoja, mama ananipungia mkono, mimi najifanya nimechelewa mahali. Miezi yote ile kabla chuo hakijaniita niliimaliza hivyo, na sitawadanganya, ilikuwa mirefu.

Wycliffe alipata B yake. Nilisikia kwa watu.

Kwa hivyo wewe mzazi uliyeuliza, jibu langu ni hili. Tuition inasaidia mtoto ambaye hajaelewa somo. Nimewahi kuona watoto wa aina hiyo, na mwalimu mzuri anawavusha kabisa. Lakini kabla hujamwita, kaa na mtoto, umuulize nini kilitokea. Usikimbilie alama. Na huyo mwalimu ukimleta, usimuulize yeye kama kazi imeisha. Atakwambia bado kidogo.

Mimi mwenyewe sijafika mbali, msidhani. Kijana wangu yuko Form Four mwaka huu, na ametuletea matokeo ya kulia. Bibi akasema tutafute mtu wa tuition. Nikamwambia ngoja kwanza.

Jumamosi iliyopita nikazima simu, nikavuta kiti, nikaketi naye mezani. Hesabu zenyewe nimeshasahau, nilikaa tu. Akaandika kidogo, akaniangalia. Akaandika tena, akaniangalia. Mwishowe akaweka kalamu chini, akaniuliza polepole, ndiyo mama yake asisikie:

"Baba, umefutwa kazi?"

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mlioweka watoto tuition, semeni ukweli kama mimi, mlikuwa mnawatafutia nini?