Birika la Shaba la Mama

Mjukuu wangu anasugua birika la shaba kwa ndimu na chumvi, hapa kwenye fleti yetu ya mtaa wa Point, Durban, na harufu ile imenirudisha nyumbani Mambrui. Utotoni kazi hiyo ilikuwa yangu. Mama alitawadhia birika hilohilo, na mtaani halikuwepo linalong'aa kama letu.

Siku aliyofariki, mwosha maiti, mwanamke mkali, alinishikisha birika hilo, limejaa maji.

"Mmiminie mama yako."

"Bibi, maji ya baridi haya. Atashtuka."

"Hashtuki tena, mwanangu. Mimina."

Nikamimina kifuani, juu ya shuka, polepole, halafu yote kwa mkupuo. Nilitaka ashtuke, ainuke anizabe kofi mbele ya wanawake wote wale. Maji yakateremka tu, yakaingia kwenye shimo lililochimbwa chini ya kitanda.