Mganda Uliogoma Kushuka Jukwaani

Nichekeni tu, jamani, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kila mwenye ukumbi Songea anajiita promota, nami mtu wa kuja kutoka Tanga sikukubali kubaki nyuma. Nikaleta bendi ya roki kutoka Dar, magitaa ya umeme, nywele hadi mabegani. Kwa utangulizi nikawaita wacheza ngoma ya mganda kutoka Mshangano, hapa hapa Songea, wale wa kaptula nyeupe na filimbi, wapashe ukumbi moto kidogo kisha washuke.

Bendi ikapanda, wao hawashuki. Gitaa likilia, ngoma inajibu. Mpiga gitaa akipiga magoti, wao wanapiga saluti na kugeuka wote kwa pamoja. Watu wakapanda juu ya viti, vigelegele tupu. Nikanyakua kipaza sauti: "Wana Songea! Pambano hili nimelipanga mimi mwenyewe!" Ukumbi ukalipuka. Nikavimba kama andazi.

Mzee Haule, kiongozi wa mganda, akanisogelea jasho likimtiririka.

"Basi tangaza mshindi, mwanangu."

"Mshindi wa nini, mzee?"

"Si umetuita ngoma mbili uwanja mmoja? Kwetu sisi, kufanya hivyo ni kushindana. Anayeshuka kwanza ndiye kashindwa."

"Mzee, mimi niliwaita mpashe ukumbi moto tu!"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, na kilikuwa kinawaka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpiga gitaa akalaza gitaa lake sakafuni, akainama, akasema, "Shikamoo, mzee," akashuka.