Wimbo wa Tatu, Ule Tunaouruka

Tangu Novemba nalala vibaya. Nimegeuza godoro langu, na kila asubuhi nikiinuka kichwa kinagonga mguu wa kabati, pu! Mke wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Na acheke. Kwetu, aliyekutendea wema mkubwa huwezi kulala umemwelekezea miguu, na Ruri Tsukigase, yule mwimbaji maarufu, anakaa Tokyo, upande ule ule miguu yangu ilikolala miaka yote. Sasa inaelekea baharini.

Mimi naitwa Tokuji, muuza CD wa mwisho hapa Kamaishi, mji wetu mdogo wa pwani. Watu hawaishi kuniuliza nafunga duka lini. Nafunga nikifa, wakome! Lakini ninayetaka kumsema si mimi. Ni Setsuko Orikasa, niliyesoma naye darasa moja, mpishi wa chakula cha watoto wa shule.

Kabla ya masufuria, Setsuko aliimba Tokyo miaka ishirini na miwili. Usihangaike kutafuta picha yake. Alikuwa mwitikiaji, yule anayesimama nyuma na kuitikia "aaa" wakati mwenye wimbo anavuta pumzi. Kwa jumla alimwitikia Ruri miaka kumi na tisa. Mama yake, Bibi Fumi, alipopofuka, Setsuko alirudi nyumbani kumtunza, ila Ruri akirekodi bado alimwita, naye alipanda treni akaenda.

"Sauti yote hiyo, mbona huimbi mbele?" nilimwuliza siku moja.

"Mbele kuna baridi," akanijibu, huyo akaenda zake.

Aprili iliyopita aliitwa kurekodi wimbo mpya wa taratibu, "Taa ya Barazani". Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Msimamizi wa kurekodi akataka aletwe binti mwingine. Ruri akamwambia, "Ataitikia Setsuko, la sivyo mimi narudi nyumbani." Basi akaitikia. Juni madaktari wakakuta saratani kooni, wakamtoa zoloto lote, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Uhai ukabaki, sauti ikaenda.

Sasa sikia balaa. Bibi Fumi ana miaka tisini na mmoja, yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kwa kuwa haoni, mtu kwake ni sauti. Setsuko alipotoka hospitali Oktoba alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamshika mikono. Bibi akaichomoa.

"Nani wewe? Mbona husemi? Setsu wangu yuko wapi?"

Wauguzi wakamweleza, nikamweleza na mimi. Wapi! "Setsu hawezi kunyamaza hata dakika moja," alisema. "Mnanificha. Nitakula akija mwenyewe." Na kweli akafunga mdomo. Alimeza vijiko viwili vitatu kwa siku, kwa kubembelezwa, na kijiko cha Setsuko alikisukuma kabisa. Alikonda mbele ya macho yetu. Daktari akasema mwezi ukiisha hivi hivi, atamtia mpira wa kumlishia.

Tukatafuta sauti ya Setsuko kila mahali. Mtu aliyeimba maisha yake yote, nyumbani kwake hana hata kanda moja! Hakupenda kujirekodi, na zile nyimbo alisema ni za wenyewe. Tulichopata ni simu ya mezani, ile inayojibu yenyewe mtu akitoka, kwa sauti ya Setsuko mwenyewe. Nikaibeba, nikaibonyeza sikioni kwa Bibi Fumi. "Kwa sasa hatupo nyumbani. Tafadhali acha ujumbe."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Si mmeona? Hayupo," akasema, akaanza kulia.

Lo! Nilitamani nijipige kofi. Setsuko alitoka nje bila kuaga. Nilimkuta kando ya mashine ya vinywaji, ameshika kopo la kahawa la moto, hata hajalifungua.

Kwenye CD za zamani za Ruri, Setsuko amezama chini ya ala. Ikabaki ile mpya ya Novemba, yenye "Taa ya Barazani". Siku yake rasmi ya kuuzwa ilikuwa Jumatano, lakini maboksi hufika Jumanne, na sisi wenye maduka sote huuza Jumanne. Sijamaliza kupandisha mlango wa chuma, Setsuko yuko mbele yangu na mabuti yake ya mpira ya jikoni, kibao chake cha kuandikia shingoni.

Nikaweka wimbo wa kwanza. Ruri aliimba vizuri, sikatai, na fidla zikajaa duka zima. Setsuko tulimtafuta humo bila kumpata. Wimbo wa pili ulikuwa wa mbio, magitaa matupu, mwitikiaji hata mmoja hamna. Setsuko akajifunga skafu yake. Akaandika: "Asante, Tokuji. Nilijua."

Nikapandwa na hasira. "Hebu keti! CD ina nyimbo tatu hii."

Akaandika: "Wa tatu ni wa walevi."

Hakukosea. Wa tatu ni ule ule wa kwanza, ila sauti ya mwimbaji imetolewa, watu wajifunzie karaoke. Kinyozi jirani yangu hununua CD kwa ajili ya huo tu. Dukani mimi huuruka, miaka thelathini sasa, maana wimbo usio na mwenyewe hauniletei mteja. Setsuko akaongeza: "Huko hutufuta na sisi waitikiaji."

"Nimesema keti!"

Piano ikaanza. Ubeti wa kwanza ukapita na ala zake. Halafu, jamani, akaingia Setsuko. Yeye peke yake, na ule mkwaruzo wake, sauti iko wazi utadhani amesimama pale penye kaunta. Nikachukua ganda la CD na miwani yangu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa: "Wimbo wa tatu: ala, pamoja na sauti ya Setsuko Orikasa. Ahsante kwa miaka kumi na tisa. Ruri."

Nilimpa ganda asome. Nililia mimi, tena bila haya. Yeye alisimama, akakiinamia kile kisanduku cha spika mpaka nywele zikamwangukia usoni.

Tulifika kwa wazee saa ya chakula cha mchana. Nilibeba redio ya CD ya dukani. Bibi Fumi alikuwa amewekewa uji wa wali na plamu chachu ya chumvi, hajaugusa. Setsuko akaketi, akamshika mikono. Bibi akaivuta. Nikabonyeza wimbo wa tatu.

Sauti ilipoingia, mikono ikaacha kuvuta. Bibi alitega sikio. Vidole vyake vikaanza kupanda taratibu, kiganja, mkono, bega, vikafika kwenye skafu, vikaingia chini yake, vikakuta tundu. Vilikaa hapo mpaka wimbo ukaisha.

"Kumbe walikukata," akasema. "Maskini mwanangu. Na mimi nakufukuza."

Setsuko akatikisa kichwa, na mama yake, ambaye mkono wake ulikuwa bado shingoni, akakisikia kinavyotikisika. Mimi nilijitia nahangaika na waya wa redio.

Bibi Fumi akajiweka sawa kitini.

"Uji umepoa, Setsu," akasema, akafungua mdomo.